Mwongozo kamili wa kusahihisha ishara inayochelewa katika data za kamera ya ISOCAM

Fungua faili moja la ISOCAM, kamera ya infraredi iliyokuwa kwenye satelaiti ya ISO, chagua pikseli moja, kisha chora grafu ya ishara yake dhidi ya muda. Darubini ilikuwa imetulia, inatazama sehemu ileile ya anga, na sehemu hiyo haikubadilika hata kidogo. Lakini grafu inapanda. Inaruka ghafla mwanzoni, halafu inaendelea kupanda polepole, na mara nyingi muda wa kutazama unakwisha kabla haijatulia. Ukichukua wastani wa namba hizo ukauita mwanga wa nyota, utakuwa umepunguza mwanga huo, na upungufu wenyewe unaweza kukaribia nusu ya badiliko lote.

Wengi wanapokutana na grafu hiyo hutupa picha za mwanzo na kubaki na zile za mwisho zinazoonekana zimetulia. Nawasihi msifanye hivyo. Ishara iliyopungua haijapotea. Kigunduzi, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kimekopa, na deni lake lina kanuni unayoweza kuiandika kwa mistari mitatu ya hesabu. Ukilishika daftari la deni hilo tangu picha ya kwanza, utapata mwanga halisi hata pale ambapo grafu haikutulia kabisa. Ukizitupa picha za mwanzo, umechana kurasa ambazo hesabu nzima inazitegemea.

Nimechagua ISOCAM kwa sababu tatizo hili linaonekana vizuri humo na data zake ziko wazi kwa yeyote. Satelaiti ya ISO ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, ilirushwa kutoka Kourou tarehe 17 Novemba 1995 ikiwa na darubini ya kipenyo cha sentimita 60, ndani ya chombo chenye zaidi ya lita 2000 za heliamu ya kimiminika. Heliamu hiyo ilikwisha tarehe 8 Aprili 1998. ISOCAM, chini ya uongozi wa Catherine Cesarsky, ilikuwa na vigunduzi viwili vya pikseli 32 kwa 32. Kile cha mawimbi marefu, mikroni 4 hadi 18, kilitengenezwa kwa silikoni iliyotiwa galiamu, na ndicho tunachokishughulikia hapa. Hifadhi ya data iko Villafranca, karibu na Madrid, na unaipata kwa intaneti bila malipo. Kompyuta ya kawaida yenye Python inatosha.

Deni linatoka wapi

Ndani ya silikoni hiyo, fotoni ikifika hung'oa chaji kutoka kwenye atomu ya galiamu, na chaji hiyo huanza safari kuelekea elektrodi. Sehemu ya mkondo unaosomwa inatokana na safari hizo moja kwa moja, kwa hiyo inaonekana papo hapo mwanga unapobadilika. Sehemu iliyobaki inategemea elektrodi ya upande wa pili kuleta chaji mpya za kuziba nafasi ya zilizoondoka. Elektrodi haiwezi kuziongeza mpaka uga wa umeme ulio karibu nayo ujipange upya, na uga haujipangi mpaka chaji zenyewe zipite. Katika baridi ya nyuzi chache za Kelvini silikoni iko karibu sana na kihami, na chaji zinazopita ni zile tu zilizoletwa na mwanga. Mwanga ukiwa hafifu, chaji ni chache, na mpangilio mpya unachukua dakika nyingi.

Kutokana na hapo unapata jambo moja la kushika kuliko yote: muda wa kutulia unapungua kadiri mwanga unavyoongezeka. Anayesahihisha kwa kutumia muda mmoja usiobadilika, kama mtu anayetazama betri inayojaa, atakosea mahali pote isipokuwa pale alipoupimia muda huo.

Boris Fouks na Josef Schubert waliandika kielelezo cha tabia hii mwaka 1995, na Alain Coulais na Alain Abergel wakaonyesha mwaka 2000 jinsi ya kukitumia kwa data za ISOCAM. Mimi hukiandika kwa namna inayonirahisishia kazi ya kompyuta. Tuite ishara iliyosomwa I, mwanga halisi M, na kumbukumbu ya pikseli K. Basi:

I = β·M + (1 − β)·K

β ni sehemu inayoruka papo hapo. K haiwezi kuruka. Hufuata M kwa mwendo wake:

K mpya = M·K / (K + (M − K)·e^(−M·Δt/λ))

Δt ni muda uliopita, λ ni tabia ya pikseli yenyewe, na muda wa kutulia ni λ gawanya kwa M. Mwanga ukidumu bila kubadilika, K hatimaye inalingana na M, na I inakuwa sawa na M. Deni limekwisha.

Tuone kwa namba. Chukua β = 0.5 na λ = 600, ambazo ni namba za mfano tu. Pikseli imetulia kwenye mwanga wa 10, kisha mwanga unapanda hadi 20. Mara moja inasoma 15. Baada ya sekunde 30 inasoma 17.3, baada ya dakika moja 18.8, baada ya dakika mbili 19.8. Sasa chukua badiliko kubwa zaidi, kutoka 10 hadi 100. Baada ya sekunde 30 inasoma 97.1, yaani imekaribia. Lakini irudishe kutoka 100 hadi 10: sekunde 30 baadaye bado inasoma 16.0, asilimia 60 juu ya ukweli. Kupanda ni haraka na kushuka ni taratibu, kwa sababu wakati wa kushuka mwanga unaoendesha mpangilio mpya ndio uliopungua. Ndiyo maana mkia wa nyota angavu hukaa ndani ya pikseli muda mrefu baada ya darubini kuhama.

Hatua ya kwanza: jua pikseli ilitoka wapi

Kabla ya kugusa namba yoyote, tafuta kigunduzi kilikuwa kinafanya nini kabla ya uchunguzi wako. Kilikuwa gizani? Kilikuwa kinatazama anga kupitia kichujio kingine? Kilikuwa kimetoka kwenye nyota angavu? Angalia pia saa ya mzunguko. ISO ilizunguka Dunia mara moja kwa saa 24, na kila mzunguko ilipita kwenye mikanda ya mionzi ambamo haikuweza kufanya kazi ya sayansi. Uchunguzi wa mwanzoni mwa mzunguko unabeba athari za mionzi hiyo, na fomula zilizo hapa hazitazifuta.

Pakua data ghafi, si picha iliyokamilika. Picha iliyokamilika imeshaunganishwa, na mpangilio wa muda, ambao ndio daftari letu, haumo tena.

Hatua ya pili: vipimo

Gawanya kila usomaji kwa ukuzaji wa kielektroniki na kwa muda wa kukusanya mwanga, ili namba zote ziwe kwa sekunde. Muda huo kwa ISOCAM ulikuwa mara nyingi sekunde 2.1, 5.04, 10.08 au 20.16, na uchunguzi mmoja unaweza kuwa na zaidi ya mmoja. Thamani ya λ ina kipimo cha ishara mara sekunde, kwa hiyo ukichukua λ kutoka kwenye jedwali la mtu mwingine, hakikisha ameitoa kwa ukuzaji uleule ulioutumia wewe.

Ondoa safu wima ya 24. Ilikatika na haisomi chochote. Ukiiacha itakuvurugia wastani wote.

Hatua ya tatu: toa ishara ya giza

Hata bila mwanga, mfumo wa kielektroniki hutoa namba fulani. Namba hiyo haitokani na chaji zinazopita kwenye silikoni, kwa hiyo haipaswi kuingia kwenye fomula. Itoe kabla ya kitu kingine chochote. Ishara ya giza ya ISOCAM haikuwa thabiti: ilisogea kadiri safari ilivyoendelea, na ilisogea pia ndani ya mzunguko mmoja. Tumia giza linalolingana na tarehe na saa ya uchunguzi wako.

Kuwa mwangalifu hapa, maana kosa dogo linaumiza. Ukitoa giza zaidi ya inavyopaswa kwenye anga hafifu, ishara inakaribia sifuri au inakuwa hasi. Angalia tena fomula ya K: K ikiwa sifuri, itabaki sifuri milele hata ukiimulika pikseli kwa jua lote. K ikiwa hasi, hesabu inalipuka. Mimi huweka kiwango cha chini ambacho K hairuhusiwi kukipita, na nikiona pikseli nyingi zinagonga kiwango hicho, narudi kwenye giza badala ya kuendelea.

Hatua ya nne: miale ya kosmiki

Miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa zinazosafiri angani, inapiga kigunduzi bila kukoma, na kila pigo linaonekana kama mruko wa ghafla. Usipoyaondoa mapigo hayo mapema, hesabu itaamini kwamba mwanga halisi ulipanda, itaipandisha K, na makosa yatasambaa kwenye usomaji wote unaofuata.

Mapigo mengi ni mafupi, ya usomaji mmoja au miwili. Hayo unayapata kwa kulinganisha kila usomaji na mediani ya majirani wake katika muda, si katika nafasi. Lakini kuna mapigo ya aina nyingine mbili yanayohitaji jicho. Kuna yanayoacha mkia unaoshuka polepole, na kuna yanayofanya kinyume: baada ya pigo, pikseli inapungua usikivu, ishara inazama chini ya kawaida, kisha inapanda taratibu kwa dakika kadhaa. Aina hizi mbili hazifuati fomula yetu, kwa sababu chembe iliyopita haikubadilisha mwanga; ilivuruga silikoni yenyewe. Jean-Luc Starck na wenzake walitengeneza mbinu iitwayo PRETI, inayotenganisha maumbo haya kwa urefu wake wa muda kwa kutumia mediani za ngazi nyingi. Kama unatafuta galaksi hafifu, unahitaji mbinu ya namna hiyo. Kama unatazama nebula angavu, kuzifunika tu kwa alama kunatosha.

Neno "kufunika" nalisema kwa makusudi. Usiufute usomaji ulioharibika, uwekee alama. Muda uliupita, na kumbukumbu ya pikseli iliendelea kusogea katika muda huo. Ukiufuta na kuunganisha usomaji wa kabla na wa baada, utakuwa umezisimamisha saa za pikseli.

Hatua ya tano: tafuta β na λ

Thamani hizi hutofautiana pikseli hadi pikseli, hasa kingoni mwa kigunduzi, kwa hiyo unahitaji ramani mbili za 32 kwa 32. Timu ya ISOCAM ilishapima, na kwa kawaida utatumia walichopima. Hata hivyo nakushauri uzipime mwenyewe angalau mara moja kwa pikseli chache. Ukishafanya hivyo, kielelezo kizima kinaacha kuwa uchawi.

Tafuta uchunguzi mrefu ambao pikseli ilikuwa imetulia, kisha mwanga ukaruka mara moja na kudumu mpaka ukatulia tena. Mwanga wa mwisho uliotulia ndio M. Kwa β, gawanya mruko wa papo hapo kwa badiliko lote. Katika mfano wetu, ishara iliruka kutoka 10 hadi 15 na kuishia 20, kwa hiyo β = 5 ÷ 10 = 0.5.

Kwa λ kuna njia ya mstari ulionyooka. Kwa kila usomaji, kokotoa K = (I − β·M) / (1 − β), kisha chora logarithimu asilia ya (M − K)/K dhidi ya muda. Kielelezo kikiwa sahihi, nukta zinakaa kwenye mstari unaoshuka, na mteremko wake ni M gawanya kwa λ. Jaribu kwa namba zetu: mwanzoni K ni 10, na (20 − 10)/10 ni 1, ambayo logarithimu yake ni 0. Kwenye sekunde ya 30, I ni 17.31, K inatoka 14.62, uwiano ni 0.368, logarithimu ni −1. Mstari umeshuka kwa 1 ndani ya sekunde 30, basi λ = 20 × 30 = 600. Tumerudi tulipoanzia.

Nukta zikijikunja mwishoni badala ya kunyooka, karibu kila mara maana yake ni kwamba M yako si sahihi: ulidhani pikseli imetulia, kumbe bado ilikuwa njiani. Usilazimishe mstari. Tafuta data ndefu zaidi.

Hatua ya sita: kumbukumbu ya kuanzia

Hapa ndipo nimeona watu wakikwama zaidi, nami nilikwama. Fomula inahitaji K ya mwanzo, na hakuna anayekupa. Kama historia ya hatua ya kwanza inaonyesha pikseli ilikuwa imetulia kwenye anga ileile, K ya kuanzia ni usomaji wa kwanza. Kama ilitoka kwenye kichujio kingine, anza hesabu kwenye data za kichujio hicho ili K ifike kwako ikiwa imeshakokotolewa. Kama huna chochote, iache K iwe namba isiyojulikana na uitafute: jaribu thamani mbalimbali, na uchague ile inayofanya mwanga uliosahihishwa uwe bapa katika kipindi ambacho darubini haikusogea.

Kosa kwenye K ya kuanzia hufifia lenyewe kadiri pikseli inavyotulia. Isipokuwa mwanga ukiruka sana, kwa mfano zaidi ya mara tatu pale β inapokuwa nusu, kosa hilo hukua kwanza kabla ya kufifia. Kwa hiyo ukiwa na chanzo angavu mwanzoni mwa uchunguzi, tumia muda wako mwingi hapa.

Hatua ya saba: pitia daftari

Kwa kila pikseli, peke yake, kuanzia usomaji wa kwanza:

M = (I − (1 − β)·K) / β
K = M·K / (K + (M − K)·e^(−M·Δt/λ))
nenda kwenye usomaji unaofuata

Ndiyo kazi yote. Pale usomaji umefunikwa kwa alama, usikokotoe M mpya. Tumia M nzuri ya mwisho, na isogeze K kwa muda uliopita. Δt ni muda halisi kati ya usomaji mmoja na mwingine, ikiwa ni pamoja na muda wa darubini kuhama na gurudumu la vichujio kuzunguka.

Tembea nami kwenye mzunguko mmoja. K ni 10, pikseli inasoma 15. M = (15 − 5)/0.5 = 20. Sekunde 10 zinapita: K mpya = 20 × 10 / (10 + 10 × 0.717) = 11.65. Kielelezo kinatabiri kwamba usomaji unaofuata utakuwa 15.83, na ukisoma hivyo, M inatoka tena 20. Mwanga ni 20 tangu usomaji wa kwanza, wakati grafu ghafi ingechukua dakika mbili na zaidi kufika huko.

Sasa tuseme usomaji wa kwanza ulikuwa na kelele, ukaja 15.2 badala ya 15. M inakuwa 20.4. Kelele ya 0.2 imekuwa 0.4, maana tunagawanya kwa β. Usishtuke. Kelele inakuzwa kwenye usomaji mmoja mmoja tu. Ukichukua wastani wa usomaji mwingi wa mwanga uleule, sehemu kubwa ya ukuzaji huo inajifuta. Kama darubini ilisimama kila mahali kwa picha nyingi, ni bora zaidi kutafuta M moja kwa kila mahali, ile inayolingana na usomaji wote wa hapo kwa pamoja, kisha kuikabidhi K kwa mahali panapofuata. Mimi hutumia njia hiyo kwa anga hafifu, na ile ya usomaji mmoja mmoja kwa vyanzo vyenye mwanga mkali.

Kuna uboreshaji mmoja ninaoupenda sana. Usomaji si wa nukta ya wakati. Ni wastani wa kipindi cha Δt, na ndani ya kipindi hicho K ilikuwa inasogea. Ukiijumlisha fomula ya K kwa kipindi chote, unapata:

I = M − (1 − β)·(λ/Δt)·ln(K mwisho / K mwanzo)

Itazame vizuri. Upungufu wote uliotokea unategemea kitu kimoja tu, K ilianzia wapi na ikaishia wapi. Njia iliyopita katikati haijalishi. Mwanga ukipanda kutoka 10 hadi 20 na kutulia, jumla ya ishara iliyopungua ni 0.5 × 600 × ln 2, yaani takriban 208. Ukishuka tena hadi 10 na kutulia, pikseli itatoa ziada ya 208 ileile. Ilichokopa wakati wa kupanda imekirudisha chote wakati wa kushuka.

Hatua ya nane: hakikisha

Kwanza, grafu ya M wakati darubini imetulia iwe bapa. Ikipanda bado, λ ni ndogo mno au K ya kuanzia ni kubwa mno. Ikiruka juu kisha ikashuka, umesahihisha kupita kiasi.

Pili, pitisha M uliyopata kwenye fomula kuelekea mbele, utengeneze I ya kubuni, na uilinganishe na I halisi. Kilichobaki kinapaswa kuwa kelele tu, bila umbo.

Tatu, na hili nalisisitiza kwa uchungu: tafuta vivuli. Wakati mmoja nilifanya kazi kwenye uchunguzi ambao darubini ilihama kwa hatua ndogo kupita juu ya anga. Kwenye ramani ya mwisho niliona chanzo hafifu ambacho hakikuwa kwenye orodha yoyote, na kwa siku tatu niliandika maelezo yake. Siku ya nne nilirudi kwenye namba za pikseli badala ya namba za mahali angani. Chanzo changu kilikaa kwenye pikseli zilezile tatu ambazo hatua moja kabla zilikuwa zimeimeza nyota angavu. Ulikuwa mkia wa ile nyota, uliobaki kwa sababu nilitumia λ moja kwa kigunduzi kizima. Nilipoweka ramani ya λ ya kila pikseli, kilitoweka. Tangu hapo sikubali chanzo chochote kabla ya kuuliza swali hili: je, kipo mahali palepale angani kikionwa na pikseli nyingine, wakati mwingine? Kitu cha angani hufuata anga, na kivuli hufuata pikseli.

Baada ya hapo ndipo usawazishe usikivu wa pikseli na kuunganisha picha. Ukisawazisha kabla, M itakayoingia kwenye λ/M siyo tena mwanga ambao silikoni iliupokea.

Mahali ambapo fomula haitoshi

Fomula hii inachukulia kwamba pikseli na majirani zake zinapata mwanga unaokaribiana. Kwenye nebula pana au mwanga wa vumbi la mfumo wa Jua, ambao katika mikroni 15 ndio usuli, yaani mwanga wa nyuma, wa kila picha, inafanya kazi vizuri sana. Kwenye nyota yenye umbo la nukta kali, pikseli moja inapata mwanga mwingi na jirani yake kidogo, na katika silikoni hiyo hakuna ukuta kati yao. Uga wa umeme wa moja unamvuta mwenzake, na kutulia kunakuwa haraka au taratibu kuliko fomula inavyosema. Fouks na Coulais waliandika kielelezo kinachoweka nafasi ndani ya hesabu kwa ajili ya nyota. Kama kazi yako ni kupima nyota kwa usahihi, usibaki na hiki cha pikseli moja. Jumla ya mwanga wa nyota inaweza kukosea hata kama usuli umekaa sawasawa.

Chanzo hafifu juu ya usuli mkubwa ni habari njema zaidi kuliko watu wanavyodhani. Muda wa kutulia hauamuliwi na chanzo peke yake, unaamuliwa na mwanga wote unaofika. Ndiyo maana vichujio vipana vya mikroni 15 hutulia mapema, na vichujio vyembamba vya mawimbi mafupi humaliza subira.

Usichukue fomula hii ukaipeleka kila mahali. Vigunduzi vya jemaniamu iliyotiwa galiamu, kama vya MIPS kwenye darubini ya Spitzer iliyorushwa mwaka 2003, vina tabia za haraka na za polepole kwa pamoja. Timu yake iliamua kuvimulika kwa taa ya ndani takriban kila dakika mbili, ili usikivu ujulikane muda wote badala ya kukisiwa. Kwenye kamera ya WFC3 ya Hubble, ambayo kigunduzi chake cha infraredi ni cha zebaki, kadimiamu na telura, mkia unatokana na chaji zilizonaswa kwenye mitego ndani ya fuwele ya kigunduzi na kuachiwa moja moja. Hapo hakuna haja ya kuhesabu λ/M. Unapitia orodha ya picha zilizotangulia, unakadiria kilichonaswa, na unakitoa. Lakini swali la kwanza ni lilelile: pikseli hii ilikuwa inatazama nini kabla yangu?

Hatua ya mwisho: hifadhi

Ndani ya faili la matokeo weka ramani za β na λ ulizotumia, K ya kuanzia, alama za miale ya kosmiki, na giza ulilotoa. Weka pia ramani ya K ya usomaji wa mwisho kabisa. Kama kigunduzi hakikuzimwa baada ya uchunguzi wako, ramani hiyo ndiyo K ya kuanzia ya uchunguzi uliofuata, na atakayeufungua hatahitaji kubahatisha.